Mate ya Baraka Juu ya Kioo

Wewe, ukitemewa mate kifuani na mama mzima aliyevaa nguo zake za kanisani, utakasirika?

Usijibu haraka. Kama hukuzaliwa huku kwetu, labda utaruka, utatafuta kitambaa ujipanguse, utauliza huyu mama ana wazimu gani. Lakini hapa Kola mzee akikutemea mate amekupa kitu. Wala si kohozi, wala si yale mate mtu anayotupa barabarani akimdharau mwenziwe. Ni manyunyu tu, fyuu, kama mtu anayenyunyizia shati maji kabla ya kulipiga pasi. Asubuhi niliyofanya mtihani wa darasa la saba, nyanya yangu alinisimamisha mlangoni, akanifungua kifungo kimoja cha shati, akanitemea kifuani, akaniambia nenda. Nilikwenda nikapita. Shule yangu iliishia hapo, lakini kupita nilipita, na cheti ninacho mpaka leo, kimekunjwa ndani ya Biblia.

Mimi ni Munyiva. Nasuka viondo, nafuga mbuzi sita na kuku wengi wasiokaa mahali pamoja nikawajua idadi, na nimemlea mjukuu wangu Kavindu tangu akiwa na miaka minne, mama yake alipopata kazi mbali. Sasa Kavindu ni msichana wa miaka ishirini na saba. Ana digrii moja, na anatafuta ya pili katika chuo kilichoko Machakos mjini. Nataka nikueleze jambo nililolifanya kwenye maabara yao, pole pole, maana nikiruka kitu utanihukumu vibaya.

Kwanza ujue anachosoma. Nilimwuliza Jumapili moja tukiwa jikoni, tunachagua mawe kwenye ndengu.

"Susu," akaniambia, kwa maana hivyo ndivyo tunavyoita nyanya kwa Kikamba, "mwili wako umejengwa na seli. Ni vitu vidogo sana. Kwa ncha ya sindano yako zinakaa nyingi."

"Kama mayai ya chawa?"

"Ndogo kuliko hayo, na tafadhali, tuko karibu kula."

Akanieleza kwamba ndani ya kila seli kuna protini za aina maelfu, na kila moja ina mahali pake pa kufanyia kazi. Akanyoosha kidole kwenye rafu yangu. "Angalia hapo. Chumvi iko kwa mkebe mwekundu, sukari kwa ule wa bluu. Sasa mtu akichukua chumvi aweke kwa mkebe wa sukari, chumvi yenyewe haijaharibika. Lakini chai je?"

"Chai imeharibika."

"Basi hiyo ndiyo kazi yangu. Sitafuti kama protini iko. Natafuta iko wapi."

Nikasema nimeelewa, na kweli nilielewa. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye mkebe wa tatu, wenye picha ya maua, ule ambao Kavindu alijua una magadi ya kulainisha muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Haukuwa na magadi. Nitakuja huko.

Protini anayoifuata yeye hukaa kwenye utando wa seli za shavuni. Utando ni ile ngozi nyembamba inayofunika seli, nami nilishika neno hilo upesi kwa sababu ya utando wa maziwa. Pale ukingoni protini hiyo inashikana na ya seli jirani, kama nyuzi za kiondo zinavyoshikana. Kavindu alitaka kujua jambo moja: mtu aliyetumia ugoro miaka mingi, je, protini yake bado iko ukingoni, au imehama ikaingia ndani? Ndiyo maana siku ya Pasaka alinishika mikono yote miwili akaniomba niache ugoro. Nikaapa mbele ya mama zake wadogo wawili. Na nilikuwa naapa kweli. Kile kiapo kilikaa siku tisa.

Sasa umejua kilichokuwa kwenye mkebe wa maua.

Mashine ya kuonyesha hizo protini ilifika chuoni mwezi wa tano, na siku ya kuizindua wazazi tuliitwa. Nilivaa gauni langu la bluu na kitambaa cha kichwa cheupe. Umati hunitia wasiwasi, kwa hiyo kabla ya kuingia langoni niligeukia ukuta nikatia ugoro kidogo chini ya mdomo, upande wa kushoto, kiasi cha kushikwa na vidole viwili.

Mkuu wa maabara ni Daktari Hafso, binti ya Mire, yule aliyekuwa akinunua mbuzi wetu sokoni miaka ile. Nilimjua akiwa mtoto mwenye buibui fupi, anavutana kamba na beberu aliyemshinda nguvu. Aliponiona alicheka hata kabla ya kunisalimu.

"Susu Munyiva! Wewe huzeeki?"

"Nazeeka ukienda, ukirudi naacha."

Fundi wa maabara anaitwa Nzomo, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mtu wa Wamunyu. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na Nzomo alirithi mikono ile. Ukimwona anashika kioo utadhani anashika yai lililoanguliwa nusu. Koti jeupe, glavu, barakoa mpaka chini ya macho. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika karatasi iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: MASHINE IKIWA WAZI USIONGEE, USIKOHOE, USIPIGE CHAFYA.

Nilimbariki Kavindu wangu kwanza. Alifungua kifungo mwenyewe, akacheka, nikamtemea. Daktari Hafso akasema, "Sisi kwetu tunaomba dua, susu, lakini baraka yako siwezi kuikataa," akanitolea viganja, nikavinyunyizia. Basi wakaanza kujipanga. Dereva wa chuo akatoa viganja, msichana wa kupika chai akatoa, hata mlinzi aliacha lango. Nikafika mbele ya Nzomo. Nakumbuka mikono yake ilitoka nusu mfukoni, halafu ikarudi. Nami nikasema moyoni, mtu huyu hata mdomo wake ameufunika, mate yangu atayaona uchafu. Nikampita.

Baadaye kidogo aliitwa kwenda kuleta kifuniko cha mashine kilichobaki chumba cha pili. Wengine wote walikuwa mlangoni wakimpokea mkuu wa chuo. Nikabaki peke yangu na lile dude, tumbo wazi, na ndani yake vioo vidogo vidogo kila kimoja kama sarafu ya shilingi ishirini, vinang'aa rangi ambazo sijui majina yake. Nikaona vibaya. Watu wote wamebarikiwa, mpaka mlinzi, na mashine hii itakayomsomesha mtoto wangu hakuna aliyeikumbuka. Nikaisoma ile karatasi ukutani, yote, kwa sababu mimi husoma maandishi kabla ya kufanya jambo. Ilikataza kuongea, kukohoa na kupiga chafya. Kutema mate haikutaja.

Nikainama. Fyuu. Nikaiambia kimoyomoyo, maana kuongea kumekatazwa, umwonyeshe mtoto wangu anachokitafuta.

Nzomo akarudi mbio na kifuniko. Afisa mmoja wa utawala anaitwa Bartholomew, mtu wa tai na saa kubwa, alikuwa akimpigia kelele mgongoni: "Funga, funga, wageni wanangoja!" Akafunga, skrubu nne, hata hakupata nafasi ya kuangalia. Taa zikawashwa, tukapiga makofi, tukala pilau. Nilirudi Kola nimefurahi kama mtu aliyemaliza kuvuna.

Majuma mawili yakapita. Siku ya Alhamisi nilikuwa nimekaa kivulini nasuka, simu ikalia, nikasikia sauti ya Kavindu inakatikakatika.

"Susu, utando umeungua!"

"Si nilikwambia maziwa hayaachwi motoni?"

"Si maziwa, susu!"

"Ni shavu la nani basi?"

"Si shavu pia! Ni kioo! Utando wa kioo!"

Sikujua kwamba kioo nacho kina utando. Jumamosi alikuja nyumbani akanifafanulia, na hakugusa hata chai. Vile vioo vya mashine, akasema, si kama cha kujitazamia. Vimepakwa utando juu ya utando, tabaka kwa tabaka, na zote kwa pamoja ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Huo utando ndio unaoirudisha leza, ule mwanga mkali wa mashine, ifuate njia yake. Ukiwa safi, leza inagonga na kwenda zake bila kuumiza kitu. Lakini uchafu mdogo tu ukikaa pale, ule uchafu unaunywa mwanga, unapata moto, na unaungua pamoja na utando ulio chini yake.

"Na uchafu ulitoka wapi?" nikauliza. Niliuliza hivi hivi tu, kama mtu anavyouliza.

"Hapo ndipo kuna shida. Wanasema ni Nzomo. Eti alikishika kioo kwa mkono, ama hakukisafisha. Yeye anasema alisafisha asubuhi ileile na aliona kioo kikiwa safi. Amepewa barua ya kujieleza. Jumanne saa nne wanakaa, na Bwana Bartholomew ameshasema atafutwa kazi." Akafuta macho kwa kiganja. "Susu, huyo ndiye alinifundisha kushika kioo. Picha zangu zitangoja, hata mwezi zitangoja. Lakini yeye akifukuzwa kwa kuharibu leza, maabara gani itamchukua tena?"

Akanionyesha picha ya kioo kwenye simu, ameikuza. Nikavaa miwani.

Katikati palikuwa na kishimo cheusi, kingo zake zimebanduka kama rangi ya ukuta ulioingia unyevu. Na kuzunguka kile kishimo, matone madogo yaliyokauka, yote yameinama upande mmoja. Makubwa kushoto, madogo yakienda kulia, yakiisha kama nyayo za kuku kwenye mchanga.

Sasa nikuambie kitu. Mimi nina pengo la jino upande wa kushoto, tangu ujana. Miaka thelathini na moja nilimpigia pasi marehemu mume wangu mashati, nikiyanyunyizia maji kwa mdomo, na miaka yote hiyo upande mmoja ulilowa kuliko mwingine, naye alinitania mpaka anaingia kaburini. Mtu hujua mwandiko wake. Ule ulikuwa mwandiko wangu.

"Na hicho cheusi katikati?" nikauliza.

"Hatujui. Kulikuwa na chembe ya kitu, kitu cheusicheusi. Ndicho kilishika moto."

Mimi nilikijua. Kilitoka kwenye mkebe wa maua.

Ungekuwa wewe ungesema palepale? Mimi sikusema. Niliinuka nikaenda kuwafunga mbuzi ambao walikuwa wamefungwa tayari. Nilisimama huko nikiwaza mambo yangu. Nikisema ukweli, Kavindu atajua kiapo cha Pasaka nilikivunja siku ya kumi. Watu wa chuo watacheka, mshamba wa Kola ametemea mashine mate. Na lililoniuma kuliko yote ni kwamba nilikuwa nimeomba baraka, na baraka imeunguza. Nyanya yangu alinitemea nikapita mtihani. Mimi nimetema, mtu anakosa kazi. Jumapili nilikwenda kanisani nikarudi na mawazo yaleyale. Jumatatu nilisuka kiondo, nikafumua, nikasuka tena. Lakini kila nilipofumba macho niliona ile mikono ya Nzomo ikitoka nusu mfukoni na kurudi. Nilimnyima mate, kisha nikamtwika makosa ya mate hayohayo. Hapo nikajua siwezi kukaa.

Jumanne saa mbili nilikuwa juu ya bodaboda, gauni la bluu, mkebe wa maua ndani ya kiondo.

Walikuwa wamekaa kwenye chumba cha mikutano. Bwana Bartholomew alikuwa mbele na karatasi zake, Daktari Hafso ubavuni mwake ameinamisha kichwa, Kavindu pembeni kama shahidi. Nzomo alisimama, leo bila barakoa, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake wote. Uso wa upole, na ndevu zilizoanza mvi.

"Mama, hapa kuna kikao," Bwana Bartholomew akasema.

"Najua. Ndicho nimekuja."

"Susu, kuna nini nyumbani?" Kavindu akaruka.

"Nyumbani hakuna kitu. Kiko hapa. Bwana, huyu fundi hakugusa kioo. Ni mimi."

Bwana Bartholomew akavua miwani. "Wewe uligusa kioo?"

"Sikukigusa. Nilikitemea mate."

Nasikia mpaka leo kalamu ya mtu ikianguka chini ya meza. "Ulitemea. Mashine. Mate," akasema, neno moja moja.

"Si kutema hivyo unavyofikiria. Niliibariki. Nilisoma karatasi yenu kwanza, na mate hayakuwa yamekatazwa."

Daktari Hafso alifunika mdomo kwa ushungi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Lakini Bwana Bartholomew hakucheka. "Mama, nakuheshimu. Lakini hapa tunajua watu wa huku mnavyosaidiana. Huyu ameenda kwako akakulilia, wewe umekuja kumfunika. Uko na ushahidi gani?"

Nzomo naye akasema, sauti ya chini, "Mwaitu, usijitwike mzigo wangu." Mwaitu ni mama yangu, kwa lugha yetu. Sikuwa nimewahi kusikia akiniita chochote.

Nikafungua kiondo. Nikauweka mkebe wa maua mezani, nikautoa kifuniko. Harufu ikajaza chumba.

"Kavindu," nikasema, na bila kumtazama, "hiyo si magadi."

Nikasikia amevuta pumzi ndefu.

"Nilikuwa nayo chini ya mdomo siku ile. Hicho cheusi kilichoungua katikati ni hii. Na matone yameinama hivi kwa sababu ya hili pengo. Mniletee kioo kingine chochote, nitawaandikia tena."

Daktari Hafso akasimama kabla Bwana Bartholomew hajafungua mdomo. "Hiyo ni rahisi. Twende."

Tukaingia maabara sote, tukiwa kama maandamano. Nzomo akanipa kipande cha kioo kisafi, kile chembamba wanachowekea vitu, akanishikia yeye mwenyewe kwa mkono wa glavu. Nikatia ugoro kidogo, upande wa kushoto, mbele ya mjukuu wangu niliyemwapia. Nikangoja ulowe vizuri, maana kazi ya ushahidi haiharakishwi. Kisha nikainama. Fyuu.

Wakakianika chini ya taa. Daktari Hafso akatoa kile kioo kilichoungua kwenye mfuko wake, akaviweka vyote viwili chini ya hadubini ya zamani, ya macho mawili, akatazama kimoja, akatazama kingine, akarudi kwa cha kwanza. Tulikuwa tunasikia saa ya Bwana Bartholomew.

"Makubwa kushoto," akasema. "Yanaisha kulia." Akazungusha kitufe. "Hapa kuna kipande cha jani la tumbaku, ukingoni, hakikufikiwa na leza. Na hapa..." akacheka kwa sauti, kicheko kilekile cha yule mtoto wa beberu. "Kavindu, njoo uone. Kuna seli za shavu."

Kavindu akaweka macho. Mate yoyote, akamweleza Bwana Bartholomew, hubeba seli zilizobanduka ndani ya mdomo. Na Nzomo huwa na barakoa wakati wote, na hajawahi kugusa ugoro maisha yake.

Bwana Bartholomew naye akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, tai imening'inia juu ya meza. Mwishowe akasimama wima, akaichukua ile barua, akaikunja mara mbili. "Nilikuhimiza ufunge upesi," akamwambia Nzomo. "Ningekuacha uangalie, ungeyaona." Alitoa mkono, Nzomo akaushika. Kazi yake ikabaki yake, na akaambiwa hivyo mbele yetu sote.

Ndipo nikamgeukia Kavindu, nikingoja maneno ambayo nilistahili.

"Siku tisa, susu?"

"Tisa kamili. Ya kumi nilishindwa."

"Unajua nimekuwa nikitafuta nini tangu Pasaka? Watu ishirini wanaotumia ugoro, wakubali niwakwangue shavu. Nimepata kumi na tisa. Nimezunguka mpaka Mwala. Na wa ishirini alikuwa amejificha jikoni kwetu, kwa mkebe wa magadi!" Akataka kukasirika, nikaona anajaribu, lakini kicheko kilimponyoka, akanikumbatia na koti lake lenye harufu ya spiriti. "Utaacha kweli sasa?"

"Nitajaribu siku ishirini. Kisha tuzungumze."

Kwenye kreti ya mashine kulikuwa na kioo cha akiba tangu mwanzo, ila Nzomo alikuwa amekatazwa kukigusa mpaka kikao kiishe. Alikifunga mchana uleule. Nilikaa kwenye kiti mlangoni, mdomo nimeufunga kwa kitambaa changu cha kichwa bila kuambiwa, nikimwangalia. Alipuliza hewa kwa kipira, akamulika kwa tochi pembeni, akapuliza tena. Watu wa Wamunyu, kitu wasichokiharakisha ni kumaliza.

Kavindu alikwangua shavu langu kwa kijiti laini, kulia kwanza, kushoto baadaye, akapaka dawa zake na rangi yake. Ilichukua muda mrefu. Nilimaliza kusuka mizunguko minne ya kiondo. Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa dirisha la magharibi alipozima taa na kuniita kwenye skrini.

Nikajiona.

Sijui nikueleze vipi. Kulikuwa na giza, na ndani ya giza, mistari ya kijani, kijani cha majani ya mbaazi yakishanyeshewa. Mistari ilizunguka vyumba vyumba vilivyobanana, kila kimoja kimeshika kingine, kama kitako cha kiondo kabla hujapandisha ubavu. Miaka yote nimesuka mtindo huo nikidhani niliufundishwa na nyanya yangu, kumbe nilikuwa nao shavuni.

"Hapo ndipo inakaa," Kavindu akanong'ona. "Kwa utando, susu. Shavu la kulia hilo."

"Na la kushoto?"

Akaleta picha nyingine. Kijani kilikuwepo, lakini hapa na pale mstari ulififia, na madoa yalionekana ndani ya vyumba.

"Chumvi imeingia kwa sukari?" nikauliza.

"Labda. Shavu moja si ushahidi. Lazima nihesabu yote ishirini, na wasiotumia pia, ndiyo nijue." Lakini macho yake yaling'aa kuliko ile skrini. "Picha ni safi, susu. Ni safi sana!"

Basi nikakumbuka nilichoiomba ile mashine siku ya kwanza: umwonyeshe mtoto wangu anachokitafuta. Niliwaambia, na Daktari Hafso akasema kama ni hivyo dua yangu ilipokewa, ila ilipitia njia ya gharama. Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia. Kavindu akachukua mkebe wa maua, akaandika juu yake kwa kalamu nene, UGORO, akasema sasa hata kama kitu ni kibaya, angalau kiko mahali pake.

Wengine walipotoka kwenda chai, nilibaki nikikusanya nyuzi zangu. Nzomo alikuwa anafunga kifuniko. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akakipangusa juu. Akachukua kalamu ileile, akaenda kwenye karatasi ya ukutani, akaongeza mstari chini: WALA USITEME MATE, HATA YA BARAKA. Nikasema hiyo ni sawa kabisa, mtu kama mimi lazima aandikiwe.

Hakucheka. Alisimama pale akanipa mgongo kidogo, akavua glavu moja, akavua ya pili, akazikunja pamoja. Mikono yake, bila glavu, ilikuwa na makovu madogo meupe ya patasi, ya utoto. Akaja mbele yangu, akainamisha kichwa kama mvulana wa darasa la saba mlangoni.

"Mwaitu," akasema, "mama yangu aliaga dunia nikiwa mbali kwa mafunzo, na tangu hapo hakuna mtu mzima amenitemea. Siku ile nilitoa mikono mfukoni, halafu nikaona haya, mimi ndiye niliandika hiyo karatasi." Akafungua viganja vyote viwili. "Nilitaka na mimi unibariki. Lakini tafadhali, twende nje."